Wawindaji Hawajazidi, Njia Ndizo Zilizofungwa

Muulize mwindaji wa Marekani kwa nini siku hizi watu wanatupiana maneno porini, jibu analo mdomoni: tumekuwa wengi mno. Atakusimulia maegesho yaliyojaa kabla jogoo hajawika, magari yenye namba za majimbo ya mbali, vijana waliojifunza kuwinda YouTube. Dawa nayo anayo: wageni wapunguzwe, wanaorusha video za uwindaji wanyamaze, bei ya vibali ipande. Fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse fahali elfu.

Imani hii imeenea hadi imegawa ndugu. Steven Rinella, mwenye kipindi maarufu cha MeatEater, amepingwa hadharani na nduguye wa kuzaliwa, Matt, anayeamini kwamba kuunadi uwindaji mitandaoni ndiko kunakojaza watu kwenye ardhi ya umma. Kukerwa kwake nakuelewa. Ila yeye na maelfu wanaofikiri kama yeye wamemkamata mtu asiyehusika.

Tuanze na hesabu. Mwaka 1982 Marekani ilikuwa na wawindaji wenye leseni karibu milioni 17. Leo wako takriban milioni 15, ilhali idadi ya watu nchini imeongezeka kwa zaidi ya milioni 100. Pennsylvania, ambako msimu wa kulungu ni sawa na sikukuu, iliuza leseni zaidi ya milioni 1.2 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sasa haifikishi milioni. Na ardhi je? Idara mbili tu za serikali kuu, ile ya misitu na ile ya usimamizi wa ardhi, zinashikilia takriban ekari milioni 438. Hiyo ni karibu mara mbili ya Tanzania nzima, na sehemu kubwa yake ni halali kuwindia. Wawindaji wamepungua, ardhi ipo palepale, na malalamiko hayaishi. Anayedai kwamba chanzo ni idadi atueleze hesabu hiyo anaijumlishaje.

Sisemi kwamba msongamano ni wa kubuni. Nenda Bayou Meto, eneo la umma la kuwindia bata katika jimbo la Arkansas, ambako msitu mzima husimama ndani ya maji majira ya baridi. Kungali giza, mashua zinateremshwa moja baada ya nyingine, injini zinanguruma, taa za kichwani zinamulika mashina ya miti, na kila nahodha anakimbilia uwazi uleule ambao bata hupenda kutua. Aliyewahi hutandaza bata wake wa bandia. Aliyechelewa hutandaza wake ndani ya masafa ya bunduki. Kukipambazuka kundi linazunguka juu, linaanza kushuka, na mtu wa jirani aliyeshindwa kusubiri anafyatua likiwa bado mbali. Bata wanatawanyika, na kinachofuata ni matusi. Kuna waliowahi kukuta matairi ya gari yamechanwa. Majimbo yote 50 yana sheria inayokataza kumsumbua mwindaji aliye katika uwindaji halali, na ugomvi wa namna hii bado haujakwisha.

Swali ambalo watu hawaulizi ni hili: kwa nini wote hawa wamejikuta mahali pamoja, saa moja, siku moja?

Siku yenyewe mara nyingi ilichaguliwa na sheria. Pennsylvania ilipiga marufuku kuwinda Jumapili mwaka 1873. Fundi wa kiwandani, anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, akabaki na Jumamosi peke yake, na kila fundi mwenzake akabaki na hiyohiyo. Jumapili tatu tu kwa mwaka ndizo zilizoruhusiwa na sheria ya 2019, na katazo lenyewe lilifutwa 2025. Kwa karibu miaka 150 bunge la jimbo lilikuwa likiwasukuma wawindaji kwenye siku moja, halafu wao wakatazamana na kulaumiana kwamba wamezidi.

Mahali napo pamechaguliwa na wengine. Texas, jimbo linalosifika kwa kulungu, ardhi yake zaidi ya asilimia 90 ni ya watu binafsi. Asiye na shamba wala fedha za kukodi shamba hubanana na wenzake kwenye kipande kilichobaki. Huko magharibi, ambako ardhi ya umma ni tele, kuna kitu cha ajabu zaidi: ardhi yako isiyo na njia ya kuifikia. Uchunguzi wa kampuni ya ramani ya onX na shirika la Theodore Roosevelt Conservation Partnership, uliotolewa 2018 na 2019, ulikuta karibu ekari milioni 16 za umma katika majimbo ya magharibi zimezungukwa kabisa na mashamba ya watu. Eneo hilo ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Kwenye ramani limepakwa rangi ya ardhi ya umma, lakini mwananchi hana pa kupitia.

Mambo yalifikaje hapo? Kuanzia 1862 Bunge la Marekani lilizipa kampuni za reli ardhi kando ya njia zao kwa mpango wa ubao wa drafti: kipande cha maili moja ya mraba kwa kampuni, kinachofuata kwa serikali, hivyo hivyo mamia ya maili. Vipande vya kampuni viliuzwa vikawa ranchi. Vya umma vikabaki vinagusana kona kwa kona, na pale konani mwenye ranchi akasema: ukivuka, umeingia kwangu.

Mwaka 2020 wawindaji watatu kutoka Missouri walifika Elk Mountain, Wyoming, kuwinda elki, kulungu mkubwa wa Marekani. Konani walikuta nguzo mbili za chuma zimeunganishwa kwa mnyororo na kubandikwa mabango ya kukataza kupita. Wakashika nguzo, wakazungusha miili yao, wakatua kipande cha pili cha umma bila kukanyaga udongo wa mtu. Mwaka uliofuata walirudi wakiwa wanne, wakiwa na ngazi ya chuma waliyoitengeneza kwa kazi hiyo tu: unapandia ardhi ya umma, unashukia ardhi ya umma. Mwenye ranchi, Fred Eshelman, tajiri wa biashara ya dawa kutoka North Carolina, alishikilia kwamba hata hewa iliyo juu ya kona ni yake. Walishtakiwa kwa jinai, na Aprili 2022 baraza la wazee wa mahakama likawaachia huru. Walishtakiwa pia kwa madai, wakitakiwa fidia ya mamilioni ya dola. Jaji wa mahakama ya shirikisho akawapa haki 2023, mahakama ya rufaa ya Denver ikakubaliana naye Machi 2025, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kulisikiliza shauri. Sheria iliyowaokoa ni ya 1885, iliyotungwa kuwazuia matajiri wa ng'ombe wasizungushie uzio ardhi ya umma.

Ndani ya ranchi ile mlikuwa na maelfu ya ekari za umma zikiwindwa na wageni wa mtu mmoja. Wale waliozuiwa walikwenda wapi? Walikwenda kusimama kwenye maegesho yenye njia, nyuma ya magari ya wengine. Hiyo ndiyo foleni inayoitwa wawindaji kuzidi.

Elki wenyewe wanaijua siri hiyo kuliko sisi. Msimu ukifunguliwa na milio ikaanza, makundi huhama msitu wa umma na kuingia ranchi za watu, ambako hakuna anayewinda, au anayewinda ni yule aliyelipa maelfu ya dola. Watu wa kawaida huachiwa mlima mtupu na kugombania nyayo.

Ndugu msomaji, imani ya kwamba watu wamezidi ina pacha wake, nasi Waswahili tunamjua vizuri: mali ya wote haina mwenyewe, apewe mmoja aitunze. Mwanabiolojia Garrett Hardin aliipa hoja hiyo joho la kitaaluma mwaka 1968. Elinor Ostrom akaivua joho hilo kwa kuonyesha malisho ya Uswisi na misitu ya vijiji vya Japani iliyotunzwa kwa pamoja karne na karne kwa sheria za watumiaji wenyewe, na mwaka 2009 akatunukiwa Nobeli ya uchumi. Mwisho wa njia ya kupunguza watu uko hapa kwetu. Kampuni ya OBC ya Falme za Kiarabu ilipata kitalu cha uwindaji Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1992. Juni 2022, kwa hoja ya uhifadhi, ziliwekwa bikoni kuzunguka kilomita za mraba 1,500 ambazo wafugaji wa Kimaasai walizihesabu kuwa za vijiji vyao, na damu ikamwagika. Msongamano wa wawindaji Loliondo haupo. Anayeota pori lisilo na foleni alitazame hilo kwanza, aseme kama ndilo analolitaka.

Najua hoja ya upande wa pili: wanyama wana kikomo, lazima vibali viwe na kikomo. Kweli kabisa. Idadi ya vibali ni kazi ya wataalamu wa wanyama, na wakisema elki wamepungua, vipunguzwe kwa wenyeji na wageni. Lakini kibali hakifungui njia. Colorado imewaondoa wageni kwenye ununuzi huria wa vibali vya elki kwa upinde na kuwaingiza kwenye bahati nasibu. Waliokosa huhamia jimbo jirani, na jirani naye huanza kulia. Wageni haohao hulipa Colorado zaidi ya mara kumi ya kile anacholipa mwenyeji, fedha zinazolisha idara ya wanyamapori. Ukiwafukuza, umepoteza mlipaji, na uzio haujasogea hata inchi.

Kinachofanya kazi kinajulikana. Tangu 1985 Montana huwalipa wenye mashamba ili wawaruhusu wananchi kuwinda, na sasa mpango huo unagusa mamilioni ya ekari. Kansas ilianza wa kwake 1995 na umevuka ekari milioni moja. Mfuko wa taifa wa ardhi na maji, uliohakikishiwa dola milioni 900 kwa mwaka kuanzia 2020, unaweza kununua kipande kidogo cha njia kinachofungua maelfu ya ekari nyuma yake. Hukumu ya Elk Mountain nayo haijafika kila mahali: Montana, iliyo nje ya mamlaka ya mahakama ile, bado inahesabu kuvuka kona kuwa kosa.

Juni 2025 Seneta Mike Lee wa Utah alipendekeza mamilioni ya ekari za umma ziuzwe. Watu waleule wanaotukanana kwenye maegesho, wenyeji na wageni, wenye pinde na wenye bunduki, wapiga kura wa vyama vyote, walisimama pamoja, na kabla mwezi haujaisha pendekezo liliondolewa. Umoja huo ndio unaowatia hofu wenye minyororo, na ugomvi wa maegesho ndio unaowapa usingizi.

Kwa hiyo wewe unayeishi Boise, Idaho, au Missoula, Montana, na unafikiria kununua leseni yako ya kwanza, usikubali kuambiwa kwamba wewe ndiye uliyezidi. Nawe mwenyeji uliyekerwa na gari lililokutangulia, fungua ramani, uhesabu vipande vya umma vya wilaya yako visivyo na njia, kisha mwandikie mwakilishi wako umuulize vitafunguliwa lini.