Dada Anakusanya Vitabu vya Bia, Povu la Nini?

Wiki hii mjini stori ni moja tu, ukiacha mpira. Dada mmoja mwenye jina lake hapa Bongo, jina kapuni, alipiga picha kabati lake la vitabu akaitupia mtandaoni. Watu wakaikuza picha, wakakuta vitabu karibu vyote ni vya bia. Historia ya bia, aina za bia duniani, namna ya kutengeneza bia nyumbani. Basi, povu likaanza.

Wapo waliomwita mlevi. Wapo waliosema anatafuta kiki kwa kuwa kazi zake siku hizi hazisikiki. Wapo waliomkumbusha dini. Na wapo waliouliza ataolewa na nani mwanamke mwenye vitabu vya pombe sebuleni.

Jamani, kitabu cha bia si chupa ya bia. Mtu anaweza kuwa navyo kabati zima na asionje hata tone, kama ambavyo wengi wamejaza video za mapishi kwenye simu na kila usiku wananunua chipsi mayai.

Halafu kuvipata vitabu vyenyewe si mchezo. Wanaomjua wanasema huonekana Posta Jumamosi asubuhi, kofia imeshuka mpaka usoni, amechuchumaa kwenye vitabu vya mitumba vinavyopangwa chini pembeni ya barabara, kuanzia maeneo ya sanamu ya Askari kwenda Samora. Pale vitu vimechanganyika: hesabu za fomu tu, Biblia, riwaya zisizo na jalada, miongozo ya kompyuta za zamani. Cha bia kinaweza kupita miezi hakijaonekana. Wauzaji washamjua, kikiingia wanamwekea. Ila na bei nayo ni ya mtu anayejulikana, hapo hana ujanja.

Na vilivyomo kwenye kabati lile si uchafu. Kipo The World Guide to Beer cha Michael Jackson, cha mwaka 1977. Si yule mwimbaji, huyu ni mwandishi wa Uingereza, majina tu yamegongana. Kipo cha Charlie Papazian cha mwaka 1984 kuhusu kutengeneza bia nyumbani. Hiki kina stori yake. Marekani ilibadilisha sheria mwaka 1978, watu wakaruhusiwa kutengeneza bia nyumbani kwa matumizi yao. Wengi walijifunzia kwenye kitabu hicho jikoni kwao, na katika watu wa aina hiyo ndimo walimotoka waliofungua viwanda vidogo vya bia kule.

Kipo pia Potent Brews cha Justin Willis, kilichotoka 2002, historia ya pombe Afrika Mashariki kuanzia 1850 mpaka 1999. Hiki ndicho kilipaswa kuzua mjadala, maana kinazungumzia watu wa huku huku. Lakini hakuna aliyekiuliza. Wote walikuwa bize na ndoa ya mtu.

Sasa hapa ndipo penye hoja. Kila mtu mjini anaijua Kibuku. Je, wangapi wanajua jina lenyewe limetoka kwenye neno buku, yaani kitabu? Inasimuliwa kwamba miaka ya 1950, kule ambako leo ni Zambia, kulikuwa na Mjerumani anaitwa Max Heinrich aliyekuwa anatengeneza pombe ya nafaka kwa mtindo wa kienyeji. Kila alichofanya alikiandika kwenye daftari lake kubwa. Watu wakaiita pombe yake Chibuku. Ikasambaa nchi kadhaa, na hapa Dar ikawa Kibuku.

Tafakari hilo kidogo. Pombe ya nafaka hakuianzisha yeye. Kina mama wa Kiafrika walikuwa wakiipika kabla babu yake hajazaliwa. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na daftari. Aliyeandika akapata kiwanda, aliyekariri akabaki na kopo la kuuzia kilabuni.

Chukua mbege. Watu wanadhani ni ndizi tu zimeoza. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa zichachuke siku kadhaa, zinachujwa. Ulezi unaloweshwa uote, unakaushwa, unasagwa, unapikwa uji, halafu vinachanganywa. Kuna na gome la msesewe la kutia uchungu, na hapo kwenye kipimo ndipo kazi ilipo. Hiyo ni kemia kamili, na fundi wake mara nyingi ni mama ambaye hajawahi kuingia maabara. Watoto wangapi wa Kilimanjaro wamelipiwa ada kwa hela ya mbege? Na si mbege tu. Iringa kuna ulanzi wa mianzi, Kagera kuna rubisi, Pwani kuna tembo la mnazi.

Wanaomjua dada huyu wanasema mkusanyo wake ulianza baada ya bibi yake kufariki. Bibi alikuwa mpishi wa mbege, harusi za kijiji kizima zinamtegemea. Siku ya kumaliza msiba, wakwe na shangazi wakatafuta nani anajua vipimo vyake. Hakuna. Ndizi zipo, ulezi upo, hata Kariakoo unauzwa, lakini mkono umeondoka. Ndiyo akaanza kutafuta vitabu, akidhani kuna mahali pameandikwa.

Kwa hiyo matusi hayakumstahili. Ila na yeye ana la kuambiwa. Kabati zuri, lakini limejaa Kiingereza, na la bibi yake halimo. Amewapa laiki mabingwa wa Marekani na Uingereza, wakati shangazi zake bado wapo hai, wanakumbuka nusu nusu. Simu anayopigia picha kabati inarekodi sauti pia. Daftari la shule ni bei ya soda. Nauli ya Moshi haimshindi.

Kuna watakaosema ukiandika, wenye hela wataiba. Woga huo una maana. Lakini kilichoandikwa na jina la bibi juu yake na tarehe, mjukuu anaweza kusimama nacho mbele ya watu akasema hiki ni chetu. Kilichobaki kichwani kinazikwa na mwenyewe, na hapo hata mwizi hana cha kuiba.

Na ieleweke, hakuna anayeambiwa akafungue kilabu uani. Kuuza pombe kunataka leseni, na gongo ni marufuku. Kuandika hakuna leseni. Anayeona pombe ni haramu asinywe, na hakuna wa kumlazimisha. Lakini historia ya mama aliyesomesha watoto si haramu kwa yeyote.

Dada, endelea kupekua Posta. Ila kitabu kinachofuata kwenye hilo kabati kiwe cha Kiswahili, na mwandishi awe wewe.

Na wewe msomaji, bibi yako alikuwa anapika nini? Vipimo unavijua, au ndiyo unasubiri msiba? Dondosha komenti.