MASAFA YA BURE SI MASAFA YA FUJO

Ndugu wanaushirika,

Leo nawaomba msimame hapa ukutani kidogo zaidi ya siku zote, maana habari yenyewe ni ndefu na kosa ni langu. Asiyeweza kusoma amwombe jirani amsomee. Mimi mwenyewe kusoma nilikupata ukubwani, darasa la jioni, kwa hiyo neno "nisomee" sioni aibu kulisema.

Mnajua kwamba mwaka jana tulifunga waifai ofisini kwetu. Hatukuifunga kwa ajili ya kusikiliza muziki. Siku hizi hesabu za vyama vya ushirika zinaingizwa kwenye mfumo wa MUVU. Mkulima anaandikishwa kwenye mfumo ndipo apate mbolea ya ruzuku. Mazao kama ufuta na choroko yananadiwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa, TMX. Ushirika usio na mtandao ni sawasawa na ushirika usio na mizani: mlanguzi ndiye atakayekupimia.

Sasa, waifai yetu ilikuwa haifiki ghalani. Akaja mfanyabiashara mmoja, akasema, "Katibu, nunua hiki kipaza nguvu. Haya ni masafa ya bure, hayana leseni, hakuna wa kukuuliza." Nikasaini. Tukakifunga, ghalani ikafika, tukapiga makofi. Siku ya tatu akaja muuguzi wa zahanati jirani. "Ndugu Katibu, tangu mfunge mtambo wenu, sisi kwetu mtandao unakatika-katika, wagonjwa wanangoja." Tukazima, kwao ukarudi. Tukawasha, ukakatika tena. Nilijiona kama mtu aliyechimba mfereji usiku akavuta maji ya lambo yote shambani kwake.

Neno "bure" ndilo lililoniponza. Nimekwenda kuuliza na kusomewa, na nililolielewa ni hili.

Mawimbi ya redio ni mali ya taifa kama ardhi. Yamegawanywa kwa masafa: haya ya redio, haya ya simu, haya ya ndege, haya ya polisi. Mgawaji kwa nchi yetu ni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na inafuata Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kampuni ya simu inalipia masafa yake. Lakini zimeachwa sehemu chache ambazo mtu hahitaji leseni ya masafa. Kubwa ni ile ya gigahezi 2.4, yaani megahezi 2400 hadi 2483.5, na vipande vya gigahezi 5. Marekani ilifungua mlango huo mwaka 1985, na kanuni ya kwanza ya kiufundi ya waifai ikatoka mwaka 1997. Masafa ya 2.4 ndiyo yale yale ya majiko ya maikrowevu. Yalihesabiwa kama ardhi ya mawe, wakubwa hawakuyataka. Leo dunia nzima imelima hapo.

Lakini ardhi ya wote ina taratibu zake. Ya kwanza ni nguvu ndogo. Huko Ulaya kiwango cha 2.4 ni miliwati 100, yaani wati moja ukiigawa mara kumi. Ya pili, kifaa kiwe kimeidhinishwa na TCRA. Kile kipaza chetu hakikuwa na idhini yoyote. Ya tatu, asiye na leseni asimwingilie mwenye leseni, na yeye akiingiliwa hana pa kudai. Ya nne, kutumia masafa haya ni jambo moja, kuwauzia watu huduma ya intaneti ni jambo jingine. Biashara hiyo ina leseni yake. Vijana wanaotaka kuuza vocha za waifai mtaani wasikie.

Tena jihadharini na vifaa vya kuletewa. Marekani megahezi 902 hadi 928 ni huru. Kwetu Afrika sehemu ya hayo ni ya simu za mkononi. Ukikiwasha kifaa hicho hapa, unawakata watu simu zao. Na kwenye gigahezi 5, rada nyingi za mvua duniani zinatumia karibu megahezi 5600, na kifaa cha waifai kinatakiwa kiisikie rada na kuipisha. Sisi wakulima wa Dodoma, ambao mvua ikichelewa wiki mbili mtama unakauka, ndio wa kuharibu kipimo cha mvua?

Wapo wanaosema kanuni hizi zimewekwa kumbana mnyonge. Mimi nasema hapana. Kikomo cha nguvu kinamlinda mnyonge. Kisingekuwepo, mwenye fedha angefunga mtambo mkubwa na zahanati ingenyamaza milele. Lamboni hatulipi kunywesha mifugo, lakini hakuna anayeruhusiwa kuingiza ng'ombe ndani ya maji. Utaratibu ule ndio unaofanya maji yawe ya wote.

Hata hivyo serikali nayo nina neno nayo. Tangu mwaka 2021 sheria imesema lugha ya sheria zetu ni Kiswahili. Basi kanuni hizi za masafa ziandikwe karatasi moja, kwa Kiswahili cha kueleweka, zibandikwe kwenye kila ofisi ya kijiji na mtaa. Mfanyabiashara aliniweza kwa sababu yeye alijua neno moja na mimi sikujua hata hilo. Pili, ushirika unaotaka kuwagawia wanachama wake mtandao bila kutafuta faida uwekewe leseni nyepesi. Si ndoto. Wenzetu wa Kondoa, mkoa huu huu, walijenga mtandao wa jamii pamoja na watu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wakatumia nafasi tupu za masafa ya televisheni. Na upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006 kwa ajili ya sehemu kama hizi. Tuuandikie.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama milioni mbili nchini walikaa katika vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza na kujadiliana. Redio ilikuwa moja, masikio mengi, na hakuna aliyemziba mwenzake. Tusishindwe na wazee wetu.

Kwa hiyo mkutano ujao nitaleta haya. Kipaza tumekwisha kukizima, na hakitawashwa tena. Ghalani tufikishe kwa antena zenye idhini juu ya nguzo mbili zinazoonana, bila mti katikati, maana majani mabichi hunywa mawimbi. Kwenye 2.4 zipo njia tatu zisizogongana, namba 1, 6 na 11. Moja iwe ya zahanati, moja ya shule, moja yetu. Zahanati ichague kwanza.

Fedha ya kipaza ilikuwa ya wanachama. Nitasimama mbele yenu niulizwe.

Ushirika ni nguvu.

Katibu wa Tawi,
Kizota