Kalenda ya Shule na Kalenda ya Nyumba: Mafunzo ya Mihula Minane

Kila mara Wizara ya Elimu inapotangaza tarehe za mihula, magazeti huandika habari hiyo kama taarifa ya kawaida ya ofisi, na wazazi huipokea kama wapokeavyo majira ya mvua: imekuja, tujipange. Sisi tunaona kwamba habari hiyo inastahili kupimwa zaidi. Anayepanga tarehe ya kufungua na kufunga shule hupanga pia siku ambayo baba atauza ndama, siku ambayo mtoto atamwona nyanya yake, na siku ambayo katekista atapata darasa lenye watoto ndani yake.

Taifa letu la Kenya lilipitia jaribio kubwa la jambo hili, ingawa hakuna aliyelipanga liwe jaribio. Mwezi Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa sababu ya janga la korona. Oktoba mwaka ule walirudi wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne peke yao, na wengine wote wakarejea tarehe 4 Januari 2021. Ili kufidia muda uliopotea, Wizara, chini ya marehemu Profesa George Magoha, ilibana kalenda: mihula ikafupishwa hadi kufikia majuma kumi hivi, na likizo zikakatwa. Kuanzia Januari 2021 hadi Novemba 2022, yaani miezi 23, watoto wetu walisoma mihula minane badala ya sita. Kalenda ya kawaida ilirejea Januari 2023.

Lengo lilikuwa jema, na lilifikiwa. Hakuna kundi la wanafunzi lililobaki nyuma daima, na mitihani ya kitaifa ilirudi mahali pake. Tena, ni haki kukumbuka kilichotokea watoto walipokaa nyumbani muda mrefu mno. Katika miezi ile ya 2020 wasichana wengi walipata mimba, wavulana wakaingia machimboni na kwenye bodaboda, na baadhi yao hawakurudi darasani tena. Mapadre na makatekista waliowatembelea waamini siku zile hawahitaji kuambiwa kwamba nyumba peke yake haitoshi. Kwa hiyo hatuandiki haya kuilaumu shule, wala kusifia likizo ndefu kana kwamba kila likizo ni baraka. Tunauliza swali jingine: gharama ya kufidia muda ule ililipwa na nani?

Tuanze na fedha. Karo ya shule za bweni nchini hulipwa kwa mafungu matatu: nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, na asilimia 20 wa tatu. Mpango huo una busara ambayo hatukuitambua mpaka ulipovurugwa. Muhula wa kwanza huanza Januari. Mkulima wa majani chai wa Kericho, Nyamira au Murang'a hupokea bonasi yake Oktoba, na yule wa mahindi wa Trans Nzoia huvuna kati ya Oktoba na Desemba. Januari inapofika, angalau kuna kitu ghalani au kwenye akaunti, na fungu kubwa linadaiwa wakati ambapo nyumba ina uwezo mkubwa kuliko miezi mingine.

Katika kalenda iliyobanwa, muhula wa kwanza wa mwaka wa masomo 2021 ulianza tarehe 26 Julai, na ule wa mwaka 2022 tarehe 25 Aprili. Tazama miezi hiyo kwa jicho la mkulima. Julai mahindi bado mabichi shambani na ghala limekwisha. Aprili ndiyo kwanza mbegu imeingia ardhini, na mwaka ule wa 2022 mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulikuwa umepita shilingi 6,000. Serikali, kwa kutambua mzigo huo, ilipunguza karo ya shule za kitaifa kutoka shilingi 53,554 hadi 45,054. Tunaishukuru kwa hatua hiyo. Hata hivyo nusu ya kiasi hicho, shilingi 22,527, ilidaiwa Julai 2021 na ikadaiwa tena miezi tisa baadaye, kabla ya mavuno mapya kuonekana. Mwenye mshahara wa mwezi aliumia. Mkulima aliuza ng'ombe wa maziwa ili mtoto asome, kisha akakosa maziwa ya kuuza ili mtoto aendelee kusoma.

Sehemu hii tumeikalia kwa makusudi, kwa sababu mijadala ya elimu husema sana juu ya idadi ya siku za masomo na kidogo sana juu ya mahali ambapo siku hizo zinaangukia. Hata ng'ambo hali ni hiyo hiyo. Nchini Marekani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ziko shule zilizoacha likizo ndefu ya kiangazi na kufuata kalenda ya mwaka mzima: kwa mfano siku 45 za masomo, kisha 15 za mapumziko, na kurudia. Jumla ya siku za masomo hubaki zile zile, karibu 180, na tofauti katika matokeo ya mitihani haikuwa kubwa kama ilivyotarajiwa. Ugomvi ulizuka nyumbani. Katika kaunti ya Wake, jimboni North Carolina, wanafunzi waligawanywa katika makundi manne yanayopumzika kwa zamu ili majengo yatoshe, na kaka na dada wangeweza kujikuta na likizo tofauti. Wazazi walikwenda mahakamani kudai ridhaa yao iombwe kwanza. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamua kwamba bodi ya elimu haikuhitaji ridhaa hiyo.

Sisi hatukuwa na makundi ya zamu, isipokuwa miezi ile ya mwisho wa 2020. Tulichokuwa nacho ni likizo ya siku kumi. Krismasi ya 2021 shule zilifungwa tarehe 23 Desemba zikafunguliwa tarehe 3 Januari. Mtoto wa Lodwar anayesoma bweni Nakuru, ukiondoa siku za safari ya kwenda na kurudi, alibakiwa na siku ngapi? Agosti 2022 ilikuwa mwaka wa tohara kwa jamaa zetu Wabukusu wa Bungoma, ambao hutahiri vijana wao Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Muhula wa pili ulikuwa umeanza tarehe 11 Julai na ungeendelea hadi katikati ya Septemba. Familia zililazimika kuchagua kati ya darasa na ukoo. Katika parokia, Agosti ndiyo likizo ambayo makatekista huitegemea kukamilisha mafundisho ya Kipaimara kwa wanafunzi wa bweni, na vijana kuitumia kwa kambi na mafungo. Mwaka ule wengi walipokea mafundisho kwa vipande vipande, na baadhi ya mapadre, tuseme ukweli, walifumba jicho ili orodha ya watahiniwa itimie kabla ya Askofu kufika.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Malezi ya Kikristo la mwaka 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na kwamba wengine wote huwasaidia. Ni rahisi kulikubali fundisho hilo Jumapili. Ni vigumu zaidi kuuliza mlezi huyo wa kwanza amebakiziwa siku ngapi kwa mwaka za kulea.

Lakini hapa pia tuwe waangalifu, kwa maana nyumba hazifanani. Mama anayefua nguo za watu mitaani Nairobi, aishiye Mukuru au Kibera na watoto watatu, hana sababu ya kuililia likizo ndefu. Shule inapofungwa, chakula cha mchana kinakoma, na yeye hana wa kumwachia wadogo. Katika kaunti kame za kaskazini, uji na githeri ya shule ndivyo vinavyomfanya mtoto asimame. Kalenda moja humtendea kila mmoja kwa namna yake, na ndiyo sababu hatupendekezi kalenda fulani. Tunapendekeza kwamba wanaoipanga waanze kwa kuuliza.

Na je, kalenda ya kawaida imerudi kweli? Kwa tarehe, ndiyo. Kwa matendo, shule nyingi za sekondari zimeendelea kuibana kimyakimya. Kidato cha nne hubakizwa wiki moja baada ya wenzao, kidato cha tatu huitwa mapema, na mzazi hutumiwa ujumbe wa simu wenye kiasi cha kulipa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya likizo. Kabla yake, mwaka 2012, Waziri Mutula Kilonzo alikuwa ameyapiga marufuku. Tunaona haya kukiri kwamba baadhi ya shule zinazoikiuka sheria hiyo zina picha ya mtakatifu msimamizi langoni na Kanisa ndilo mfadhili wake. Mwalimu mkuu atasema wazazi wenyewe ndio waliotaka, na pengine ni kweli kwa wale waliofika mkutanoni.

Katika shule hizo hatuwezi kujificha nyuma ya Wizara. Kwa sheria hiyo hiyo, bodi ya usimamizi ya shule ya umma ina wawakilishi sita wa wazazi na watatu wa mfadhili. Bodi haiwezi kubadilisha tarehe za kitaifa. Inaweza kukataa masomo ya likizo yasiingie katika ajenda. Inaweza pia kumruhusu mkulima alipe karo kwa awamu zinazofuata mavuno, na kupanga mapumziko ya katikati ya muhula yatoshe safari ya mtoto wa mbali. Wawakilishi wetu watatu huteuliwa kwa barua ya jimbo, na katika parokia nyingi waamini hawajui hata majina yao. Majina hayo yapo kwa padre. Jumuiya Ndogo Ndogo inayokutana wiki hii inaweza kuyaomba, na kumwalika mmoja wao aje aeleze bodi yake ilikubaliana nini juu ya likizo ya Agosti.