Kabla ya kununua miwani ya maajabu, vikundi vya wakulima vipige hesabu

Kwenye maonyesho ya Nane Nane, banda lenye foleni ndefu mara nyingi si lile la mbegu bora wala la pampu za umwagiliaji. Ni lile lenye kitu ambacho watu hawajawahi kukiona. Kwa sasa, kitu cha aina hiyo ni miwani kubwa inayofunika macho yote mawili.

Anayeivaa hujiona yuko mahali pengine kabisa: chini ya bahari, kileleni mwa mlima, au katikati ya zizi la ng’ombe wa maziwa huko Uholanzi. Akigeuza shingo, picha nayo inageuka. Wataalamu wanaiita teknolojia hiyo uhalisia pepe. Ndugu yake ni uhalisia ulioongezwa, ambao haumwondoi mtu pale alipo. Mtu huelekeza kamera ya simu kwenye kitu halisi, na simu ikaongeza juu yake alama, maandishi au picha nyingine.

Wanaoziuza wanasema teknolojia hizi zitabadili sinema na elimu. Huenda ni kweli. Lakini kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, swali la kwanza ni nani atakayelipa gharama na nani atakayepata faida. Fedha za kuwafundisha wakulima ni chache. Shilingi inayokwenda kwenye miwani ni shilingi ambayo ingelipia mafuta ya pikipiki ya bwana shamba, au mbegu za shamba darasa.

Ahadi za zamani

Hii si mara ya kwanza kwa picha kuahidi kuleta mapinduzi ya elimu. Mwaka 1913 mvumbuzi wa Marekani, Thomas Edison, alitabiri kuwa vitabu vitatoweka shuleni na nafasi yake kuchukuliwa na sinema. Zaidi ya miaka 100 imepita na wazazi bado wananunua vitabu kila Januari.

Tanganyika nayo ilikuwa uwanja wa majaribio. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kwenye kituo cha Vugiri katika milima ya Usambara, zilitengenezwa takribani filamu 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba benki, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Filamu hizo zilipakiwa kwenye lori na kuonyeshwa vijijini, Tanganyika na nchi jirani. Fedha za wafadhili zilipokwisha, serikali za kikoloni hazikukubali kubeba mzigo, na kazi ikaishia hapo.

Ivory Coast ilijaribu kwa kiwango kikubwa zaidi. Kuanzia mwaka 1971 nchi hiyo ilifundisha watoto wa shule za msingi kwa televisheni. Mwaka 1982 mpango ukafungwa.

Linganisha na kampeni ya “Mtu ni Afya” iliyofanyika Tanzania mwaka 1973. Chombo chake kilikuwa redio, ambayo hata wakati ule haikuwa ajabu. Lakini nyuma ya redio kulikuwa na vitabu vidogo vya Kiswahili, vikundi vya kusikiliza na kujadiliana, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliopewa mafunzo. Watu wapatao milioni mbili walishiriki kwa wiki 12, na vyoo vikachimbwa. Kilicholeta matokeo ni watu waliojipanga, na redio ikawa ya kuwasaidia.

Inakofaa kweli

Hata hivyo, itakuwa makosa kuibeza teknolojia hii. Yapo maeneo ambayo faida yake imepimwa.

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa madaktari 16 waliokuwa wakijifunza upasuaji. Waliofanya mazoezi kwenye mashine ya uhalisia pepe walimaliza sehemu ya upasuaji wa kibofu cha nyongo kwa kasi zaidi kwa asilimia 29, na wastani wa makosa yao ulikuwa mdogo mara sita kuliko wa wenzao.

Mfano unaomgusa mfugaji moja kwa moja unatoka Uingereza. Daktari wa mifugo Sarah Baillie alitengeneza mashine inayompa mwanafunzi hisia ya mkono ulio ndani ya ng’ombe. Mwanafunzi anapapasa, kompyuta inauletea mkono wake hisia ya mfuko wa uzazi, na mwalimu anaona kwenye skrini anagusa nini. Kwa ng’ombe halisi mwalimu haoni chochote, anabaki kubahatisha. Baillie alipowapeleka wanafunzi kwa ng’ombe wa kweli mwaka 2005, waliopitia mashine waliutambua mfuko wa uzazi vizuri zaidi kuliko wenzao.

Hesabu yake ni rahisi. Ng’ombe hurudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi. Mhamilishaji asiye na mkono mzoefu akikosea, mfugaji atalisha siku 21 nyingine bila mimba, na mtoto wa ng’ombe pamoja na maziwa yake vitachelewa kwa muda huohuo. Chuo kinachofundisha wahamilishaji kikiwa na mashine ya namna hiyo, kila mhitimu atawahudumia mamia ya wafugaji. Gharama itagawanyika hadi kuwa ndogo.

Kwa maneno mengine, teknolojia hii inafaa pale ambapo kosa ni la hatari au la gharama kubwa, na mafunzo yenyewe ni ya vitendo. Kwa somo la kueleza na kuelewa, mambo ni tofauti. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Guido Makransky wa Chuo Kikuu cha Copenhagen waliwapa wanafunzi 52 somo moja la maabara, kwa miwani na kwa skrini ya kawaida ya kompyuta. Waliovaa miwani walijihisi wako ndani ya maabara hasa, lakini walijifunza kidogo kuliko waliotumia skrini. Walichangamka kuliko walivyoelewa.

Sinema ya mtu mmoja mmoja

Kwenye filamu nako, ukubwa wa ajabu umekuja na gharama yake. Mwaka 2017 mtayarishaji wa Mexico, Alejandro González Iñárritu, alipeleka kwenye tamasha la Cannes kazi yake “Carne y Arena”, ambamo mtazamaji anavua viatu, anavaa miwani na kutembea juu ya mchanga akiwa pamoja na wahamiaji wanaovuka mpaka wa Marekani. Kazi hiyo ilipata tuzo maalumu ya Oscar. Lakini iliingiwa na mtazamaji mmoja kwa wakati.

Mwenye kibanda cha video atauliza mara moja: kiingilio kitakuwa kiasi gani ikiwa kila mteja anaingia peke yake? Vibanda vilishamiri kwa sababu skrini moja ililishwa na watu hamsini. Aidha, Watanzania walishaongeza kitu juu ya picha zamani, kwa namna yao. Watafsiri kama Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, walichukua filamu za kigeni na kuweka juu yake sauti ya Kiswahili, vichekesho na maelezo. Hakikuhitajika chombo kipya, ila ulimi wa mtu aliyewajua watazamaji wake.

Kilimo kimeonyesha jambo hilohilo. Nchini India, mradi wa Digital Green ulioanza mwaka 2006 uliwarekodi wakulima wenyewe kwa kamera za bei nafuu, kisha video zikaonyeshwa kwa vikundi huku mtu wa kijijini akizisimamisha na kuuliza maswali. Watafiti wa mradi waliripoti kuwa kwa kila dola iliyotumika, njia hiyo ilikuwa na matokeo angalau mara kumi ya ugani wa kawaida waliolinganisha nao. Swali la kwanza la watazamaji lilikuwa jina la mkulima waliyemwona na kijiji anachotoka. Walitaka kujua kama ni mwenzao kabla ya kumwamini.

Hesabu ya kikundi

Chukua kikundi cha wakulima 30 chenye miwani moja. Kila mmoja akitazama kwa dakika kumi, zinahitajika dakika 300, yaani saa tano, ili wote wamalize. Betri ya miwani ya bei nafuu hukaa kati ya saa mbili na tatu, hivyo lazima ichajiwe katikati ya zoezi. Projekta moja na shuka jeupe vingewaonyesha wote kwa dakika kumi, na saa nne na ushee zilizobaki wangebishana kuhusu walichokiona au wangekuwa shambani.

Bei nayo si ndogo. Miwani ya Meta Quest 3S iliingia sokoni Marekani Oktoba 2024 kwa dola 299, takribani Sh800,000 kwa viwango vya wakati huo, kabla ya usafiri na ushuru. Ile ya Apple iliyotoka Februari 2024 ilianzia dola 3,499.

Ipo pia hatari ya kuachwa njiani. Mwaka 2014 Google ilileta miwani ya boksi la karatasi, nafuu sana, ambayo mtu aliingiza simu yake ndani. Mwaka uliofuata ikaleta programu ya Expeditions ya kuwatembeza wanafunzi duniani wakiwa darasani. Mwaka 2021 kampuni ilisitisha uuzaji wa maboksi hayo na kuifunga programu hiyo. Jembe alilouziwa mkulima haliachi kulima kwa sababu kiwanda kimebadili mawazo; programu inaweza.

Simu iliyo mfukoni

Kwa mkulima wa kawaida, mlango ulio karibu zaidi ni uhalisia ulioongezwa, kwa kuwa unatumia simu janja ambayo tayari ipo kijijini. Mfano mzuri ni Nuru, programu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti ya IITA na shirika la FAO. Mkulima anaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, na simu inamwonyesha kama kuna batobato, michirizi ya kahawia au utitiri. Haihitaji intaneti wakati wa kupima. Picha zilizotumika kuifundisha kompyuta kwenye utafiti wa mwaka 2017 zilipigwa kwenye mashamba ya Tanzania.

Lakini hata hapa tahadhari inahitajika. Utafiti huo ulipata usahihi wa asilimia 93 kwa picha ambazo kompyuta haikuwahi kuziona. Mwaka 2019 watafiti walipoijaribu kwenye simu kwa majani 720, uwezo ulishuka, hata kwa majani yenye dalili zilizo wazi. Tena michirizi ya kahawia, ugonjwa ulioripotiwa na kituo cha Amani, hukohuko Usambara, tangu miaka ya 1930, hujificha. Jani linaweza kuonekana zima huku muhogo unaoza ardhini, na hakuna kamera ya simu inayoona chini ya udongo. Mkulima anayeng’oa mche mmoja mmoja kukagua mizizi kabla ya kuchukua vipando bado anahitajika.

Wafanyabiashara nao wana lao. Kampuni ya samani ya IKEA ilitoa mwaka 2017 programu inayomwezesha mteja kuona kochi likiwa limekaa sebuleni mwake kabla ya kulinunua. Fundi wa Keko hana haja ya kutengeneza programu yake leo, ila ajue kuwa mteja wa kesho atataka kupima kwa simu, na aanze kupiga picha nzuri za kazi zake zenye vipimo kamili.

Vikundi vifanye nini?

Watetezi wa miwani watasema hata simu ya mkononi ilianza kama anasa ya matajiri. Ni kweli. Lakini simu ilishinda kwa sababu ilipunguza gharama tangu siku ya kwanza: mkulima aliyejua bei ya soko kwa kupiga simu aliokoa nauli ya basi. Siku miwani itakapookoa nauli, hakuna atakayehitaji kushawishiwa.

Hadi siku hiyo, Serikali ianzie kwenye vyuo vya mifugo na kilimo, ambako mashine chache zitawanoa wataalamu wengi. Vyama vya ushirika na vikundi vya vijijini viweke fedha zao kwenye projekta, simu na video za Kiswahili zilizopigwa kwa wakulima wa eneo husika, na kwa mtu atakayeongoza mjadala baada ya picha kuzimwa.

Na muuzaji wa miwani akibisha hodi, kikundi kimuulize maswali manne. Somo ni la Kiswahili, na linahusu zao letu? Watu wangapi watafundishwa kwa siku moja? Ikiharibika au kampuni ikiifunga programu, nani atatengeneza au kurudisha fedha? Na picha zitakazopigwa shambani kwetu zitakuwa mali ya nani?

Akijibu yote manne kwa maandishi, kikundi kikae kikao. Akishindwa hata moja, wanachama waivae, wafurahi, wamshukuru, kisha waende banda la mbegu.