Umeokoka, na deni la watu?

Kila wiki ya maombi ikiisha, hapa mtaani Kinindo, Bujumbura, tunapata watu wapya wasiosalimia majirani. Juzi mlikuwa benchi moja nje ya duka, leo anavuka barabara akikuona, Biblia kwapani, kwa sababu amehubiriwa kwamba marafiki wa zamani ni mtego.

Mtaani kwangu yupo kijana wa namna hiyo. Amebadilisha laini ya simu. Kwenye kuondoa matanga ya babu yake hakuonekana, eti hawezi kukaa mahali watu wanapokunywa pombe ya impeke. Shangazi zake walilia kuliko siku ya mazishi. Tena kuna fundi wa pikipiki aliyemkopesha faranga laki moja na nusu. Fundi alipodai, akajibiwa kwamba yule aliyekopa alikwisha kufa, huyu ni mtu mwingine.

Sipingi kujitenga. Mlevi aliyetubu hana haja ya kupita kila jioni kwenye baa za kando ya ziwa aipime imani yake; muulize mkewe. Na dada anayeamriwa na "nabii" wa chumba cha maombi auze simu alete sadaka, atoke mbio wala asiage.

Ninachopinga ni mtu kuwakimbia watu akadhani ametubu. Abarokore wa kwanza, wale wa uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukavuka hadi kwetu Buhiga na Matana, hawakuwa na mchezo. Pombe waliacha, Kiranga, roho wa ibada za jadi, walimwacha. Ila kilichowaacha majirani midomo wazi ni kumwona mtu anabisha hodi asubuhi na mapema kurudisha alichoiba, bila polisi wala fimbo. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi nchini Uganda, alipookoka alipanda baiskeli akasafiri mbali hadi kwa Mwingereza ambaye yeye Festo alikuwa akimchukia, kumwomba msamaha. Siku hizi tungemshauri afute namba yake.

Sisi Warundi tuna sababu yetu wenyewe ya kushtuka tukisikia mhubiri anawagawa watu kirahisi. Tarehe 30 Aprili 1997 wenye silaha waliingia seminari ya Buta, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa. Waliuawa 40. Nimekaa chini ya mahubiri mengi ya utakatifu hapa Bujumbura, na Buta sijaisikia ikitajwa hata kwa bahati mbaya. Labda ni kwa kuwa walikuwa Wakatoliki, nasi walokole tuna choyo ya mashahidi.

Sasa niseme la kanisani kwangu. Mwaka jana binti wa kwaya alipata mimba. Akatengwa: sare alirudisha, haimbi, Meza ya Bwana haikaribii, anakaa benchi la nyuma mpaka wazee waridhike. Mvulana naye? Sheria yetu ya madhehebu ya mwaka 2014 hairuhusu mtu kuwa muumini wa madhehebu mawili kwa wakati mmoja, lakini kuhama haikatazi. Basi akahama. Huko alikokwenda, hata viatu havijazoea njia, alipewa kipaza sauti akashuhudia jinsi alivyoachana na mahusiano machafu, na akina mama wakapiga vigelegele. Mahusiano hayo sasa yana miezi saba na meno mawili.

Wachungaji wa Kinindo wanajuana. Wanaalikana kwenye semina, wanaazimana vyombo vya muziki, wanapigiana simu kutwa. Mgeni akija na ushuhuda, mwenyeji ampigie mwenzake amuulize: huyu ametoka kwenu vipi, kamwacha nani, anadaiwa nini? Kama ni deni, alipe hata kidogo kidogo, mbele ya shemasi. Kama kuna mtoto, aende kwa wazazi wa binti akajitambulishe, aanze kupeleka maziwa. Ushuhuda utasubiri, hauozi. Na binti arudishiwe sare yake Jumapili hii. Tangu aondolewe, soprano yetu imepwaya, na mwalimu wa kwaya analijua hilo ila anawaogopa wazee.