Mlevi Si Kichekesho

Tuseme ukweli jamani: sisi wasomaji hatujui kumsoma mlevi. Tunajua kumcheka na kumhukumu, basi. Chukua Zakaria wa Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1971. Tulimweka kwenye kapu la "madhara ya ulevi", tukapata maksi, tukafunga kitabu. Nani alijiuliza mtu yule alikuwa anaumwa nini?

Mimi nilikuja kumwelewa nikiwa Tunduma. Mama alipofariki, matanga yaliisha siku ya tatu. Turubai likashushwa, viti vya kukodi vikarudishwa, masufuria yakaenda kwa wenyewe. Rafiki akanivuta pembeni: "Kaka, twende ukapate moja moto moja baridi, upunguze mawazo." Hakuwa na nia mbaya. Nikapunguza mawazo kwa miaka miwili.

Tunduma kunywa ni rahisi. Malori yamepanga foleni, baa zimechangamka, na ukichoka upande huu, Nakonde iko hapo tu. Serikali zimejaribu: Zambia ilipiga marufuku tujilijili mwaka 2012, sisi tukapiga marufuku viroba Machi 2017. Sawa. Lakini kilichokatazwa ni kipakiti. Aliyefiwa alibaki na msiba wake, na komoni ipo, gongo nayo ipo.

Halafu wale wale waliokununulia ndo wanakwambia: "Acha pombe, jikaze, wewe si mwanaume?" Eti jikaze! Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatishwa ghafla unaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata degedege; mtu anaweza kufa. Huyo anahitaji daktari kwanza, mahubiri baadaye. Lakini nani atakwenda kutibiwa, wakati jina la Mirembe tumeshaligeuza kuwa utani wa kijiweni?

Mimi nimeacha, na sikuacha kwa kujikaza. Nilitibiwa. Halafu shangazi akawa anakuja kila jioni, tunamzungumzia mama, mpaka siku moja nikalia kile kilio nilichokibana makaburini.

Kwa hiyo waandishi, mlevi anayeyumba barabarani huku watoto wanamzomea mmeshamwandika vya kutosha. Tuandikieni siku ya nne, turubai likishashushwa na nyumba imekuwa kimya. Na wewe uliyekuja msibani ukala ubwabwa, ukasaini daftari la rambirambi ukaondoka: rudi. Njoo mikono mitupu, ukae.