Diski Mpya, Lawama za Bure

Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la akina mama wengi limehamia kwenye kompyuta. Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya yaliyotupata hapa kwetu Mshangano, Songea, ili wewe yasikukute.

Sisi ndio tunaotunza hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa: hisa, mikopo, marejesho na mfuko wa jamii. Kompyuta yetu mpakato ilikuwa nzito mno. Ukiiwasha, unaweza kuchemsha chai na kuinywa kabla haijafunguka. Kijana wetu akaipeleka mjini kwa fundi, ikabadilishwa diski, yaani lile ghala la ndani linalotunza kila kitu. Ikarudi inawaka mara moja. Tukashangilia.

Shangwe haikufika jioni. Hesabu za kikundi hazimo. Excel haimo. Waifai haishiki, printa haitambuliki, maandishi yamekuwa makubwa ajabu, na Windows inadai leseni. Tena tuliambiwa diski ni ya GB 256, mbona kioo kinaonyesha 238? Nacho kikao cha kikundi ni kesho kutwa! Tulimgombeza mtoto, na fundi tukamwita mwizi.

Akina mama wenzetu, tulikosea. Diski mpya ni kama nyumba mpya: unakabidhiwa ikiwa tupu. Fundi aliweka Windows, lakini programu na mafaili yetu yalibaki kwenye diski ya zamani. Nayo ilikuwa wapi? Kijana aliiacha mezani kwa fundi. Asubuhi tulipanda bajaji kuifuata, moyo ukidunda. Kwa bahati haikuwa imefutwa. Fundi akaitia kwenye kasha dogo lenye waya wa USB, akaliunganisha na kompyuta, na hesabu zote zikaonekana. Tukazinakili papo hapo.

Mengine yalitatuliwa hivi:

Kwanza, waifai, printa na kioo. Kila kifaa kinahitaji programu ndogo iitwayo draiva ili Windows iweze kukitumia. Zilikuwa bado hazijawekwa. Tuliunganisha simu kwa waya wa USB, tukagawa intaneti ya simu, kisha tukaiacha Windows itafute masasisho. Nyingi zilijiweka zenyewe. Iliyobaki, ya printa, tuliipata kwenye tovuti ya kiwanda kwa kutumia jina la mashine lililoandikwa kwenye kibandiko chake.

Pili, leseni. Kompyuta nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 ya mwaka 2012, au za baadaye, hutunza leseni yake kwenye bodi kuu, si kwenye diski. Kwa hiyo kubadili diski hakukulazimishi kununua leseni nyingine. Yetu ilikuja na Windows Home, fundi akaweka Pro, ndiyo maana leseni ilikataa. Alipoweka Home, ikakubali. Jihadhari na programu za kuvunja leseni. Mara nyingi hubeba virusi.

Tatu, zile GB 18. Hakuna aliyeiba. Kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, lakini Windows huhesabu baiti 1,073,741,824. Diski ni ileile, kipimo ndicho tofauti.

Basi mama, kabla hujapeleka kompyuta kwa fundi, fanya haya. Nakili hesabu, picha na vyeti vya watoto kwenye flashi. Andika orodha ya programu unazotumia na maneno yako ya siri. Muulize fundi kama atahamisha kila kitu au ataanza upya. Kama ataweka Windows, mwombe iwe ya aina ileile, Home au Pro. Kumbuka pia kwamba huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo uliza kama mashine yako inaweza kupokea Windows 11, maana si zote za zamani zinazokubali. Na diski ya zamani ni mali yako, rudi nayo nyumbani. Ndani yake mna siri za familia yako na za wenzako waliokuamini.

Siku ya kikao tulisoma hesabu bila wasiwasi. Lakini jambo gumu kuliko draiva zote lilikuwa kumwita kijana wetu mezani na kumwambia, "Mwanangu, utusamehe." Alitabasamu, akaomba aongezewe chai. Kwa fundi nako tulirudi kuomba radhi. Diski hubadilishwa kwa saa moja, lakini neno ulilomtupia mtoto kwa hasira halifutiki upesi hivyo.

Mpaka mwezi ujao, tunawatakia amani nyumbani.